Paa la Gari Juu ya Kitanda Changu

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie kabla mvua hazijakatika, maana zikikatika tu shemeji yangu atakuja na ngazi kuziba bati linalovuja, na akishapanda ataona nilichokiweka huko juu, na mimi mpaka sasa sijui nitamwambia nini yeye, wala nitamwambia nini kaka yake.

Mimi ni mshona mapazia. Nashona pia vitambaa vya viti na vya dari za magari, na kazi hiyo ndiyo iliyonikutanisha na mume wangu, kwa sababu yeye ni fundi wa bodi za magari, na siku ya kwanza aliniletea viti viwili vilivyochanika akaniuliza kama vinashoneka, nikamwambia viache, akaviacha, kisha akawa anapita kila jioni kuuliza wanaendeleaje, kama mtu aliyelaza wagonjwa hospitalini. Viti vilikuwa vya gari lake mwenyewe, la zamani, jeupe, la milango miwili, na mpaka leo analipenda kiasi kwamba majirani wanaliita mke mwenzangu. Asubuhi nikifungua dirisha wananiuliza, "Mwenzio kaamkaje?" Nami huwajibu, "Kaamka salama, ila kama kawaida yake, hafagii wala hapiki."

Huu ni mwaka wa nne mume wangu yuko ughaibuni. Anafanya kazi katika karakana inayotengeneza vipande vya magari ya mashindano, si vya chuma bali vya nyuzi za kaboni, na mimi sikuelewa ni kitu gani mpaka aliponieleza kwenye simu kwamba ni kitambaa cheusi kilichofumwa kama kitambaa chochote, unakikata kwa mkasi, unakilaza tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu yenye umbo la kipande, unakinywesha gundi, unakiingiza katika tanuri, kinatoka kigumu kama chuma na chepesi kama ungo. "Mke wangu," akasema, "siku hizi hata mimi ni mshonaji." Nilicheka sana, na simu ilipokatika nililia, kwa sababu alipokuwa akinieleza habari za mkasi wake mimi nilikuwa nimeshika wangu.

Mwaka jana aliruhusiwa kutumia mabaki ya vitambaa baada ya saa za kazi, akaamua kulitengenezea gari letu paa jipya. Tangu hapo kila simu ilikuwa paa. Leo nimekata, leo nimelaza tabaka la pili, leo tabaka moja limeingiwa na hewa nimelitupa nimeanza upya. Siku moja nikamwuliza, "Kwani gari halina paa?"

"Lile la chuma ni zito. Uzito ukikaa juu, gari linalalia upande kwenye kona. Ukilipunguzia kichwani linatulia. Unaikumbuka njia ya kwenda kwa mama yako?"

Naikumbuka, nitaisahauje, njia ile ni kona tupu mpaka kileleni na hatukupata kwenda hata mara moja nisitapike, yeye anasimamisha gari, anashuka, ananishikia kitambaa cha kichwa kisichafuke, ananipa maji, tunaendelea. Lakini siku hiyo, kabla ya hilo la paa, mimi nilikuwa nimemwuliza habari za kurudi na yeye ananijibu habari za kona. Nilikasirika, nikamwambia simu yangu inaishiwa na chaji, na haikuwa inaishiwa.

Paa lilifika ndani ya sanduku bapa la mbao. Tulilifungua uani mimi na shemeji, mdogo wake, ambaye ndiye aliyeachiwa karakana ya mume wangu ya hapa nyumbani. Mshauri, mimi ni mtu wa kumwita jirani anibebee mtungi wa gesi, lakini niliinua paa la gari kwa mkono mmoja. Shemeji akaniangalia akasema, "Shemeji, ukiendelea hivyo nitakuajiri." Nikaligeuza kwenye mwanga, nikauona mfumo wa nyuzi, mbili juu mbili chini, mshazari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo bila uzi mmoja kupinda. Kazi ya kulainisha kitambaa naijua. Nilijua kwamba aliyekilaza alikipapasa kwa kiganja, akianzia katikati kwenda nje, polepole, asiache hata mkunjo. Niliweka kiganja changu katikati, nikafuata njia hiyo hiyo mpaka pembeni. Shemeji alijifanya anatafuta misumari chini.

Siku iliyofuata alikata lile la chuma. Alitoboa sehemu zote zilizochomelewa, akalichomoa zima zima, akaliegemeza kwenye ukuta wa uani. Gari likabaki kichwa wazi, akalifunika turubai. Kabla hajaanza kubandika jipya, wingu likatanda.

"Hatuwezi, shemeji," akasema. "Gundi hii haitaki unyevu hata wa jasho. Tungoje mvua zikatike. Wewe lihifadhi ndani, mahali lisipolaliwa na kitu."

"Chini ya kitanda?"

"Hapo hapo. Na mvua zikikatika nitakuzibia na lile bati la chumbani."

Bati hilo la chumbani linavuja upande wa nyuma wa nyumba, na chini yake ndipo kilipo kitanda, na tone linaanguka upande wa mume wangu. Si upande wangu, ni upande wake. Kwa misimu miwili nimeweka beseni mahali pa kichwa chake, na nikigeuka nageukia beseni. Jumapili moja mchana mvua ilikuja ya hasira, beseni likajaa kabla sijamaliza kula, godoro likaanza kunywa maji. Nilitafuta kipande cha nailoni nisikipate. Nikainama kuvuta godoro, nikaliona paa pale chini, jeusi, kavu, linang'aa. Sikuwaza. Niliazima ngazi ya jirani, nikalipandisha kwa mkono mmoja, nikalilaza juu ya pale panapovuja, nikalifunga kwa waya na kulikandamiza kwa matofali manne, kila tofali nimelifunga kitambaa cha pazia lisije likalikwaruza.

Nikashuka, nikabadili nguo, nikaondoa beseni, nikajilaza.

Wewe unajua mvua inavyopiga bati, kama mtu anamwaga choroko kwenye sinia. Lakini juu ya kichwa changu pale pale palikuwa na sauti nyingine, nzito, ya chini, kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya blanketi. Pembeni kote choroko, na juu yangu mtu huyo anaendelea kuzungumza. Nilikuwa nimelala upande wake, mshauri. Palikuwa pakavu. Nilipata usingizi ambao sijaupata tangu aondoke.

Nilipaswa kuliteremsha kesho yake. Sikuliteremsha. Mvua ilipopumzika jua likalichoma, nikapanda nikaona rangi ya juu imeanza kufifia na waya umeacha alama kwenye ukingo, nikasema nitaliteremsha kesho, na kesho mawingu yakarudi nikafurahi kama mtu aliyeletewa mgeni. Shemeji akiniuliza paa liko wapi namwambia lipo salama chumbani. Mume wangu akiniuliza, "Paa limekaaje?" namwambia, "Limekaa vizuri, halipitishi hata tone." Anacheka kwa furaha. "Nilijua! Nitumie picha." Namwambia mvua, picha haitoki.

Sasa amepewa likizo, anakuja mwishoni mwa mwezi ujao. Anataka apokewe na gari hilo hilo na kutoka uwanja wa ndege twende moja kwa moja mlimani kwa mama. Nikamwuliza, "Hata nyumbani hatupiti?" Akasema, "Tutapita tukirudi. Kwanza nataka tukazipite zile kona." Nimengoja miaka yote hii, na mtu anarudi kulijaribu gari.

Hajasema kama likizo ikiisha ataondoka tena, na mimi sijamwuliza, kwa sababu jibu baya sitaki kulipokea kwa simu, nimesimama peke yangu na futi kamba shingoni. Niliteremshe paa kwa siri, nimwombe shemeji alisugue, alibandike, tusiseme kitu maisha? Au niseme, nionekane mwendawazimu aliyeezekea nyumba paa la gari? Na kuna jambo moja naona aibu hata kuliandika. Sitaki kuliteremsha. Likiondoka juu yangu, halafu na yeye akaondoka, nitabaki na beseni.

Ni mimi,
Mshona Mapazia

*

Mshona Mapazia,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa huruma. Nitaanza na hasira ili tuimalize. Na siku nyingine ukiandika, mwanangu, weka nukta. Nukta ni bure, na anayesoma naye ana mapafu.

Umemdanganya mumeo. Usiniambie kwamba ulisema kweli, kwamba paa limekaa na halipitishi tone. Uongo ukivaa nguo za ukweli haugeuki kuwa ukweli. Unakuwa mwizi wa nguo. Mtu alikuuliza kuhusu kazi ya mikono yake, akacheka kwa furaha kwa jibu lako, nawe ukamwacha acheke. Hilo lilinikera kuliko matofali.

Umemdanganya pia shemeji yako, kijana mwenye adabu ya kutosha kutafuta misumari chini ili usione haya. Anastahili jibu bora kuliko "lipo salama chumbani".

Sasa nikuulize. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba kila mlipopanda mlima ulitapika, na mumeo alishuka akakushikia kitambaa cha kichwa. Umeniandikia, mstari mmoja kabla ya huo, kwamba alitaka kulipunguzia gari uzito wa juu ili lisilalie upande kwenye kona, na kona alizozitaja ni zile za kwenda kwa mama yako. Umeyaweka mambo hayo mawili yakigusana kama vipande viwili vya pazia, kisha ukasahau kuvishona! Mshonaji gani wewe?

Gari la mashindano halipandi mlima kumpelekea mama mkwe salamu. Mtu huyu alimaliza kazi ya mwajiri wake, wenzake wakaenda kupumzika, yeye akabaki na mabaki ya kitambaa na mkasi, akiwaza mke aliyeinama kando ya barabara. Tabaka lilipoingiwa na hewa alilitupa akaanza upya. Mimi si fundi, na huenda uzito uliopungua ni mdogo kiasi kwamba tumbo lako halitajua tofauti. Hilo si neno. Ulimwuliza habari za kurudi, akakujibu kwa njia ya kwenda kwenu. Hakukwepa swali. Hilo ndilo lilikuwa jibu alilokuwa nalo, nawe ukasingizia chaji.

Na anapokwambia kwamba akishuka tu anataka mzipite zile kona, hataki kulijaribu gari. Anataka kuona, kabla hajavua viatu, kama amefanikiwa kukupunguzia taabu moja. Umelionea wivu gari, mwanangu. Majirani walifanya mzaha, wewe ukaufanya msiba.

Naye nitamkaripia, maana hakimu hasikilizi upande mmoja. Mwanamume anayeweza kunyoosha kitambaa bila uzi kupinda anashindwaje kunyoosha sentensi moja, "Ninakutengenezea wewe"? Mikono yake ina ufasaha, lakini mikono haisikiki kwenye simu. Gazeti hili likimfikia huko aliko, na alisome mpaka hapa.

Hasira zimekwisha. Sikucheki kwa kulala chini ya paa la gari. Mtu mwenye baridi hujifunika anachokipata, na wewe ulipata kitu kilichopapaswa na kiganja chake. Ulikitambua kiganja hicho katika kitambaa kigumu kama chuma, pasipo mtu kukuonyesha. Wapo wanaolala na waume zao kila siku ambao hawawezi kukitambua. Lakini usikae chini ya kiganja hali mwenye kiganja yu hai na ana simu.

Basi fanya hivi. Usingoje mvua zikatike. Mwite shemeji yako leo, umwambie ukweli kabla hajapanda ngazi, siyo baada ya kuuona mwenyewe. Atacheka. Mwache acheke, kisha akushikie ngazi. Literemsheni paa, ulioshe kwa maji safi na kitambaa laini, usilisugue kwa unga wa sabuni, ulirudishe chini ya kitanda likiwa kavu. Alama ya waya iache kama ilivyo. Mwenye kazi ataiona, naye ndiye atakayeamua kama aiondoe au aiache.

Nyumba nayo isivuje. Uani kwako kuna paa la chuma limeegemea ukuta, halina kazi, limetoka kwenye gari ambalo mvua haijapata kuingia ndani yake. Mmekaa mnakinga maji kwa beseni na dawa imesimama ukutani! Shemeji alilaze hilo juu ya bati bovu, alifunge sawasawa, azibe matundu aliyotoboa. Litapiga kelele ya choroko kama mengine. Vumilia. Mwenzio amekuvulia kilemba chake, nawe kivae bila maneno.

Baada ya hapo mpigie mumeo, mchana, simu ikiwa na chaji, na hiyo futi kamba uivue shingoni. Mwambie hivi: "Paa lako lilikaa juu ya kitanda chetu, upande wako, kwa sababu upande wako ulikuwa unavuja." Usiongeze maelezo. Usiombe radhi kabla hajasema lake. Akishasema atakalosema, mwulize kama likizo ikiisha ataondoka tena, na umwambie kwamba wewe hutaki aondoke. Hilo la pili ndilo ambalo hujawahi kulisema, nimeitafuta barua nzima sikuliona. Unaogopa kwamba atakataa, na hukumbuki kwamba mtu hawezi kukubali asichoombwa. Jibu likiwa baya, utakuwa umelipokea ukiwa na wiki kadhaa za kulifikiria kabla hajafika, na hiyo ni bora kuliko kulisikia mlangoni, mkoba wake ukiwa mkononi.

Shemeji yako asilibandike paa. Mvua zikatike, jua liwake, gundi ikauke kwenye kopo, asilibandike. Mumeo apokewe na gari lolote lenye magurudumu, aletwe nyumbani kwanza, mama yako atawangoja. Amekungoja muda wote huo hakulalamika. Kazi ya kulibandika mtaifanya wewe na mumeo. Uliinua paa hilo kwa mkono mmoja na ukalifurahia, lakini kuinua si kulikalisha. Mwulize shemeji yako, atakwambia kwamba paa likishagusa gundi limegusa, halisogezwi tena, kwa hiyo linateremshwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja huku na mmoja kule, wakitazamana juu ya gari. Shemeji asimame kando awahesabie moja, mbili, tatu.

Kisha gundi inataka muda wa kukauka. Muda huo gari haliendi popote, na fundi wake pia haendi popote. Utumie vizuri.

Ikishakauka, pandeni mlima. Ukitapika, usifiche wala usimwonee aibu. Mwenye kukushikia kitambaa cha kichwa atakuwepo.